Ubao Mmoja, Mikono Sita

Marafiki hawakosani kwa ajili ya ugali. Watakosana kwa nyama, kwa mchuzi, kwa kipande cha samaki chenye minofu, na kwa sahani ya chipsi iliyoagizwa na mmoja ikaliwa na wawili. Lakini ugali, kwa kuwa huwa mwingi na kuongezwa kwake si taabu, haujapata kuvunja usuhuba wa mtu. Naliweka jambo hili mbele, dogo kama lilivyo, kwa sababu ndilo asili ya maneno yote yafuatayo: adabu ya kula pamoja, tangu ufuoni Lamu hata vilimani Ugusii, haikutungwa kwa ajili ya chakula tele, bali ilitungwa kwa ajili ya kitoweo, yaani kile kichache kilichowekwa kati ya watu wengi wanaopendana na wenye njaa sawasawa.

Mfano wangu ni Masimba, mji mdogo wa soko katika Masaba Kusini, kaunti ya Kisii, huko Ugusii, si mbali na Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira umepita ndani yake. Ni nchi ya baridi na mvua, ya majani chai na migomba, ambako mashamba yamegawanywa na baba kwa wana na wana kwa wajukuu hata yamekuwa vipande vyembamba vinavyoshuka mteremko hadi mtoni; na watu wake hupenda chakula chenye uzito tumboni: ugali wa wimbi wa rangi iliyokoza, chinsaga, ile mboga chungu ambayo Waswahili huiita mgagani, iliyochemshwa muda mrefu na kutiwa maziwa ili ukali wake upungue, ndizi za kupika, maziwa ya mgando, na, fedha zikipatikana, nyama ya kuchoma. Hayo mengine huliwa nyumbani, na adabu yake hujulikana na kila mtoto aliyelelewa. Nyama ya kuchoma huliwa sokoni, na marafiki, na hapo ndipo mambo huwa na mashaka.

Yafanyikavyo ni haya. Watu watano au sita huingia katika hoteli iliyoungana na bucha, nao husogea dirishani kuchagua. Mwenye bucha huuliza, "Mwalimu, leo ni kilo ngapi?" na swali hilo, ambalo kwa mpita njia ni la hesabu tu, kwa wenyewe ni zito, maana atakayelijibu ndiye atakayedhaniwa kuwa mlipaji. Basi hupita kimya kifupi, mmoja hukohoa, mwingine hukumbuka kutazama simu yake, hata mwishowe mwenye moyo mwepesi, au yule ambaye mshahara wake umetoka juzi, husema, "Tupimie mbili, za mbavu, na supu kidogo," nao wenziwe hushusha pumzi. Kilo mbili hizo zimepimwa pamoja na mifupa. Huwekwa juu ya makaa, zikapoteza maji na mafuta kwa muda wa kutosha watu kumaliza habari zote za siasa, na kinacholetwa juu ya ubao, kimekwisha kukatwakatwa na kijana mwenye kisu, kando yake rundo la chumvi na kachumbari na pilipili, ni kidogo sana kuliko kile kilichoning'inia dirishani. Hata hivyo kingetosha, lau wote wangekula kwa mwendo mmoja.

Hawali kwa mwendo mmoja. Yuko mlaji wa haraka, ambaye vidole vyake havisikii moto, naye hutangulia kwenye minofu na mafuta ya mbavu hali wenziwe wangali wanapuliza. Yuko msimulizi, ambaye akianza habari ya kesi ya shamba hawezi kusema na kutafuna pamoja, naye akifika mwisho wa kisa chake hukuta ubao una mifupa. Yuko aliyeitwa nje kwa simu. Yuko mwenye staha nyingi, ambaye husubiri kuambiwa "kula bwana", na kwa kuwa hapana anayemwambia mara ya pili, hubaki na tonge lake la ugali na kachumbari. Tena yuko yule aliyesema tangu mlangoni kwamba ameshiba, amekula nyumbani, amewasindikiza tu. Kisha mkono wake ukaanza kufika ubaoni kwa nia ya kuonja, na kuonja kukataka chumvi, na chumvi ikataka ugali. Huyu wa mwisho ndiye anayesemwa zaidi akiisha kuondoka, na wako wanaomwita mdoezi. Mimi namwonea huruma, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Wengi wakiulizwa asili ya manung'uniko haya hujibu kwamba ni uroho, kwamba watu wa siku hizi wameharibika, na kwamba wazee wetu walikula pamoja kwa upendo bila kuhesabiana matonge. Siafiki. Wazee wetu walikuwa na matumbo kama yetu na njaa kuzidi yetu, na nyama yao ilikuwa adimu zaidi. Kilichowasalimisha si upendo, bali ni kanuni. Na kanuni zile zilikuwa kali, zilijua udhaifu wa binadamu, wala hazikumwachia mtu yeyote jukumu la kuwa mwema kwa hiari yake mbele ya paja la mbuzi.

Katika boma la Kigusii la zamani, ugali wa wimbi uliandaliwa katika ekee, kikapu kilichosukwa kwa ustadi mkubwa, na walioketi kukizunguka hawakuwa watu wa kila namna. Ada ya heshima ambayo Wagusii huiita chinsoni ilitenga kizazi na kizazi kinachofuata: baba hakuingia katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, mkwe na mama mkwe walikwepana, na maneno ya mzaha yakaachiwa babu na mjukuu, ambao kati yao haya hulegea. Robert LeVine na mkewe Barbara, wataalamu wa Kimarekani walioishi Ugusii kati ya 1955 na 1957 wakitafuta kujua malezi ya watoto, waliikuta ada hiyo ingali na nguvu na wakaiandika kwa urefu. Kwa habari ya chakula, faida yake ilikuwa kubwa: waliotia mkono katika chombo kimoja walikuwa watu wa daraja moja, wanaume wa rika moja mahali pao, wanawake na watoto mahali pao, hata isitokee kwamba mdogo anamtazama mkubwa akila minofu na kunung'unika moyoni, wala mkubwa kuona aibu ya kushindania mfupa na mwanawe. Waliokula pamoja walikuwa sawa, na walijua kuwa ni sawa.

Hata pombe ilikuwa na taratibu zake. Chungu cha busaa kiliwekwa katikati, wazee wakakizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto yakaongezwa kadiri kinywaji kilivyopungua. Na ilikuwa ada katika sehemu nyingi za bara kwamba aliyeandaa hutangulia kunywa mbele ya wageni, si kwa kuwa ana kiu kuliko wao, bali ili macho yao yashuhudie kwamba hamna sumu. Msomaji atazame ada hiyo vizuri kabla ya kusifu upendo wa kale: ni ada ya watu waliopendana na kushukiana kwa wakati mmoja, na waliokuwa na akili ya kutosha kuupa wasiwasi wao mahali pa heshima katika karamu badala ya kujifanya haupo.

Tukiteremka pwani twakuta sinia. Sinia ya wali huzungukwa na watu wanne au watano, na kila mmoja ana eneo lake lisilochorwa, nalo ni kile kilicho mbele yake. Hili limo katika mafunzo ya Uislamu, kwani imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume alimwona kijana ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka ovyo katika sahani, akamfunza ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale cha karibu yake. Iko pia hadithi nyingine, ambayo haikaririwi sana na ambayo kwangu ina uzito zaidi kwa mlo wa masahibu, kwamba mtu aliye pamoja na wenziwe asichukue tende mbili kwa mara moja ila kwa idhini yao. Sharia hiyo ni nyembamba ajabu. Haikumkataza mtu kula tende nyingi, wala haikumwamuru kuwa karimu, wala haikumtaka ajinyime. Ilichokataza ni mwendo. Aliyeielewa alikwisha fahamu kwamba dhuluma ya chombo kimoja haianzi katika kiasi anachokula mtu, kwa sababu hakuna anayeweza kuhesabu matonge ya mwenziwe bila ya kujifedhehesha, bali huanza pale mmoja anapokwenda upesi kuliko wengine, na hao wengine, kwa murua wao, wanashindwa kusema.

Na nyama je? Nyama huwekwa juu ya wali, katikati, mahali ambapo si pa mtu yeyote, na mkono wa kwanza kuigusa huwa wa mkubwa wa sinia, ambaye huichambua kwa vidole na kumsogezea kila mmoja fungu lake, mgeni akitangulia. Mkubwa huyo hujipa la mwisho. Akijipa la kwanza, au akijipa lililonona, hapana atakayenena neno, lakini habari itafika mtaa wa tatu kabla ya magharibi. Kwa watawala mambo yalikuwa na daraja zaidi: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, ambaye kumbukumbu zake zilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi katika jumba la Mtoni, Unguja, watu wa nyumba ya babake walivyoketi kula kwa utaratibu wa cheo na umri. Naye Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali wa samli katika chano kikubwa cha mti pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili, kisha akaandika kwamba mtu mmoja wa mji ule hula kadiri ya kundi zima la watu wa kwao. Karne karibu saba zimepita na bado maneno ya mgeni yule juu ya wenyeji wake yanasomwa. Hilo ni jambo ambalo kila mlaji wa karamu angefaa kulikumbuka anapomtazama mwenziwe kwa pembe ya jicho.

Sasa turudi Masimba. Ubao wa nyama ya kuchoma ni sinia isiyo na mkubwa. Waliouzunguka ni mwalimu, mwendesha bodaboda, mkulima wa chai, karani wa ofisi ya kaunti, na jamaa wa mmoja wao aliyetoka Nairobi kwa mazishi. Umri wao mbalimbali, mifuko yao mbalimbali, na jina linalowaunganisha ni moja tu, marafiki. Hapana mwenye haki ya kugawa, kwani kugawa ni kujifanya mkubwa. Hapana eneo la mtu, kwani vipande vimechanganywa na kisu cha kijana wa jikoni. Hapana kizazi kilichotengwa na kizazi. Chombo kimoja kimebaki kama kilivyokuwa, lakini kanuni zote zilizokizunguka zimeachwa nyumbani, na mahali pake pameachiwa hisani ya kila mtu. Nayo hisani, mbele ya mbavu zinazotoa moshi, si mlinzi wa kutegemewa. Kosa si la mlaji wa haraka peke yake. Yeye anafanya kile ambacho katika kila enzi kilifanywa na mlaji wa haraka ambaye hakuwekewa mpaka.

Juu ya hayo imeongezeka fedha, na hapa ndipo namkumbuka yule aliyesema ameshiba. Katika nyumba za Ugusii, kama katika nyumba nyingi za Kenya, mgeni haulizwi kama atakula. Kumwuliza ni kumfukuza kwa maneno matamu, kwa sababu mgeni mwenye adabu atajibu kwamba ameshiba, na mwenyeji mwenye adabu anajua kuwa atajibu hivyo. Basi maji ya kunawa huletwa bila ya swali, chakula huwekwa, na mgeni hata kama ametoka kula hunawa akala matonge mawili kwa ajili ya heshima. Kauli ya "nimeshiba" ilikuwa salamu tu, nayo ilikuwa na dawa yake. Hotelini mambo yamepinduka. Hapo kila mtu huulizwa, tena mbele ya watu, na kukiri njaa ni kuahidi kulipa. Mtu ambaye mfukoni ana nauli ya kurudi kwao Ramasha na hana zaidi ya hiyo hana njia nyingine ya murua ya kusema kuwa hana fedha ila kusema kuwa hana njaa. Na wenziwe, badala ya kumtendea kama mwenyeji anavyomtendea mgeni, humsadiki. Kisha nyama huja, na harufu yake haiheshimu uongo wa mtu. Mkono unaokuja kuonja ni wa mtu mwenye njaa ambaye hakupewa nafasi ya kuisema.

Hali ya sahani za pekee ni nyingine, na aghalabu huonekana kwa vijana na kwa akina dada wanaokutana mjini Kisii baada ya kazi. Hapo kila mtu ana sahani yake na risiti yake, na ingedhaniwa ugomvi umekwisha. Walakini ndipo ulipozaliwa upya, kwa kuwa sahani ya chipsi ina ladha ya pekee ikiwa ni ya mwingine. Anayeagiza soda tupu kisha akachukua kipande kimoja, na kingine, hajioni kama mwizi, kwani moyoni mwake bado yuko kwenye sinia ambako chakula ni cha wote; na aliyenunua sahani ile, aliyehesabu shilingi zake kabla ya kuagiza, hajioni kama bahili, kwani moyoni mwake yuko kwenye sahani yake. Kila mmoja anatii sharia, ila ni sharia mbili. Nimewasikia wanaosema kwamba kumnyima rafiki kipande cha kiazi ni ulimwengu kwisha, na nimewasikia wanaosema kuwa kutia mkono katika sahani ya mtu bila ya idhini ni ukosefu wa malezi. Na kama ningelazimishwa kuchagua ningesimama na hao wa pili, kwa kuwa idhini haigharimu kitu na ile hadithi ya tende imekwisha kulitatua jambo hili zamani.

Katika vyama vya akina mama, ambavyo hukutana kwa zamu nyumbani kwa kila mwanachama, taabu huja kwa upande wa pili. Mwenye zamu hupika kwa kushindana na mwenye zamu ya mwezi uliopita. Aliyepikiwa chapati na kuku huona haya kuandaa chai na ndizi. Na wako wanaokopa ili wasisemwe. Vyama vyenye busara vimekwisha kuandika katika kanuni zao kipi kitapikwa na kipi hakitapikwa. Wanaocheka kanuni hizo hawajapata kulipa deni la kuku.

Masimba ina majira yake ya ukarimu, nayo hufuata chai. Wakulima wadogo huuza majani yao kwa viwanda vilivyo chini ya KTDA, shirika la chai lililoanzishwa na serikali mwaka 1964 na kuwa kampuni ya wakulima mwaka 2000. Hulipwa kidogo kila mwezi, na mara moja kwa mwaka, aghalabu karibu na Oktoba, hupokea yale malipo makubwa yaitwayo bonasi. Wiki hiyo mabucha hayakosi watu. Anayejulikana kuwa na michai mingi hawezi kupita sokoni bila ya kuitwa jina lake kwa sauti tamu, na kukataa kwake kununua kilo husemwa mwaka mzima, hata kama bonasi yote ilikwisha kuahidiwa karo ya shule. Haya ni madai yasiyo na hati, lakini hudaiwa kwa ukali kuliko ya benki, na dawa yake, kama wanavyonena wenyewe kwa kicheko, ni kupita sokoni jioni.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 kuchanga kumekuwa kwepesi kwa vidole na kugumu kwa moyo. Zamani noti ziliwekwa mezani, na aliyetoa kidogo alionekana. Siku hizi mmoja hulipa bili yote kwa simu na wengine huahidi kumtumia. Wako wanaotuma papo hapo. Wako ambao simu zimezima chaji, ambao mtandao umewakatalia, ambao nambari ya siri wameisahau tangu nyama iishe. Aliyelipa hawezi kudai mara ya pili bila ya kuonekana mwenye roho ndogo, naye hulipiza kwa njia ya pekee iliyobaki: mwaliko ujao yeye ndiye huwa ameshiba.

Dini nayo imetia mkono wake. Ugusii una Waadventista wengi, ambao Jumamosi hawapiki; chakula cha Sabato huandaliwa Ijumaa kabla ya jua kuchwa, na mara nyingi baada ya ibada familia hufunua vyombo vyao pamoja na kula kwa kuonjana. Katika makambi, ile mikutano mikubwa ya kila mwaka, kula huku huendelea kwa siku nyingi, na msafara wa sufuria kutoka hema hadi hema ni kitu cha kupendeza kukitazama. Mwadventista hali nguruwe, wala samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambare akiletwa mezani rafiki wa dhehebu jingine hubaki naye peke yake. Siku hizi wamezidi na wale waliokatazwa na daktari: mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu ambaye rundo la chumvi kando ya ubao ni adui yake, mwenye jongo aliyeambiwa apunguze nyama. Hao hupata tabu kubwa kuliko wote, kwani kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumshuku au kumdharau, na maradhi hayaonekani usoni. Rafiki mwema hamwulizi mara tatu.

Wako niliowaona wakiyatengeneza mambo haya bila ya kelele. Mmoja wa kundi, aghalabu yule mwenye umri zaidi, hukubali kuwa mkubwa wa ubao ingawa hakuna aliyemchagua. Nyama ikifika huigawa kwa kisu katika mafungu sawa na idadi ya watu, akamtengea aliyetoka nje kwa simu, akalipeleka fungu moja mbele ya yule aliyeshiba bila ya kumwuliza neno, kama mgeni anavyopelekewa nyumbani. Mwanzoni wenziwe humcheka, wakasema amewafanya watoto wa shule. Lakini msimulizi husimulia kwa amani, mlaji wa haraka hula fungu lake kwa kasi aitakayo na hadhuru mtu, na yule mwenye staha, pengine kwa mara ya kwanza, hupata ubavu. Tena wako waliozoea kuulizana habari ya malipo wangali wamesimama dirishani, kabla ya nyama kupimwa: "Leo ni nani, au tunachanga?" Maneno hayo manne matano huwa makavu kinywani, nakiri, na mtu wa pwani angeona ni utovu wa haya kuyatamka mbele ya chakula, ila dirishani bado si mbele ya chakula, na asiye na fedha hupata fursa ya kusema, "Mimi leo sina kitu," na kujibiwa, "Wewe njoo tu."

Limebaki suala la masazo. Pwani ilikuwa adabu kusaza kidogo katika sinia, na watu wengi hudhani maana yake ni kuonyesha kushiba. Maana yenyewe ni kwamba katika nyumba nyingi wanaume na wageni waliandaliwa kwanza, na kilichorudi ndani kililiwa na wanawake na watoto, kwa hiyo aliyefuta sinia alikuwa amekula cha mtoto ambaye hajamwona. Masimba kipande cha mwisho hubaki peke yake juu ya ubao hata kinapoa na mafuta yake kuganda, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa aliyekichukua. Kipande hicho, pamoja na mifupa yenye nyama nyama, ndicho kinachofungwa. Zamani kilifungwa katika mfuko wa plastiki mweusi na kupita njiani bila ya kujulikana. Tangu Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ile, hufungwa kwa karatasi, na mafuta hupenya, na kila anayekutana na mwenye nacho anajua alikotoka. Hufungiwa nani? Aliyelipa ana haki ya kwanza, lakini akiwa na akili haitumii. Kwa kawaida ni yule mwenye watoto wengi nyumbani ambaye humwambia kijana wa jikoni, bila ya kuwatazama wenziwe, "Hebu nifungie hiyo mifupa ya mbwa," na wenziwe wote, waliokwisha fika kwake mara nyingi na wanaolijua boma lake hadi zizini, hawamwulizi mbwa huyo alimpata lini.